Utangulizi: Ufito wa Kuunda na Ufito wa Dukani

Kwa sehemu kubwa ya historia ya uvuvi wa ndoana, hakuna aliyejiuliza aunde ufito au anunue. Mtu aliyetaka kuvua akiwa amesimama ukingoni aliingia kichakani na kisu, akachagua tawi lililonyooka, akalichonga, akafunga mshipi kwenye ncha. Picha iliyochorwa kaburini huko Beni Hasan, Misri, yapata miaka 4,000 iliyopita, inamwonyesha mvuvi ameshika ufito wa namna hiyo. Mwandishi Aelian wa Roma, aliyeandika karibu na mwaka 200, anasimulia juu ya Wamakedonia waliovua mtoni kwa ndoana iliyovishwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo, na anatoa hata vipimo: ufito wa futi 6, na mshipi wa urefu uleule. Hasemi ufito huo uliundwa na nani. Nadhani hakuona haja ya kusema.

Leo mambo yamegeuka. Ukiingia katika duka la vifaa vya uvuvi, fito za kaboni zimesimama ukutani zimepangwa kwa urefu na bei, na mtu akisema anataka kuunda ufito wake mwenyewe huulizwa kwa nini ajisumbue. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu refu, na elimu ninayokukaribisha ndani yake, ndugu msomaji, inaanzia hapo. Ni elimu inayogusa mambo mengi kwa pamoja: mimea, hisabati ya vitu vinavyopinda, historia ya viwanda, na ujuzi wa mikono ambao baadhi ya mafundi waliuficha nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Hoja yangu kuu ni kwamba tangu zamani kila ufito umekuwa na sehemu iliyofanywa na mvuvi na sehemu iliyotoka kwa wengine. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili umehama mara nyingi. Anayeuliza "niunde au ninunue?" kwa kweli anauliza mpaka huo auweke wapi, na hawezi kuuweka vizuri bila kujua nini kinaamuliwa katika kila hatua ya kazi.

Tuanze na mfano wa zamani ulioandikwa kwa makini. Mwaka 1496 mchapaji Wynkyn de Worde alitoa nchini Uingereza andiko kuhusu uvuvi wa ndoana, ambalo kwa desturi hunasibishwa na mtawa wa kike aitwaye Juliana Berners, ingawa wanahistoria wanalitilia shaka jina hilo. Andiko linamfundisha msomaji kutengeneza ufito kuanzia mti ulio hai. Kata gongo la hazeli au wilo lenye urefu wa pima moja na nusu na unene wa mkono. Likate kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Februari, majira ya baridi ambapo utomvu umetulia. Litie katika tanuri lenye moto ulinyooshe, kisha liache likauke mwezi mzima. Baada ya hapo lifunge kwenye boriti lisipinde, chukua waya wa chuma uliochongoka, utie motoni hadi uwe mweupe kwa joto, na uunguze kiini cha gongo kutoka pande zote mbili mpaka matundu yakutane. Ndani ya tundu hilo utaficha kipande cha juu cha ufito, chembamba, cha mti mgumu zaidi. Ukimaliza unatembea barabarani na fimbo tu, na andiko lenyewe linafurahia jambo hilo: hakuna atakayejua unakwenda kuvua.

Hapo mvuvi anafanya karibu kila kitu. Karibu, si kila kitu. Waya ni wa fundi wa mabomba, na vibanio vya chuma vinavyozuia gongo lisipasuke vinatoka kwa mhunzi. Hata ndoana, ambazo andiko linaeleza namna ya kuzikunja, huanza kama sindano za kushonea zilizonunuliwa.

Sasa njoo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, Mwanza, penye majabali. Mvuvi wa furu na sato anayevua kutoka juu ya jiwe ameukata ufito wake mwenyewe: mwanzi mwembamba, uliokaushwa kivulini na kunyooshwa juu ya moto mahali palipopinda. Chelezo ni kipande cha kandambili. Chambo ni nyungunyungu waliochimbwa kwenye tope la bustani. Lakini mshipi ni nailoni ya kiwandani, na ndoana pia ni ya kiwandani. Mpaka wake uko mahali tofauti na pa yule Mwingereza wa 1496, na umewekwa kwa akili: ananunua vile viwili ambavyo mkono hauwezi kuvifanya kwa ubora huo, na vilivyobaki anavifanya mwenyewe. Angalia namna anavyofunga mshipi. Hauanzii kwenye ncha. Anaufunga shinani, karibu na kiganja, anauzungusha taratibu kufuata mwanzi hadi juu, ndipo anaufunga tena kwenye ncha. Ncha ikikatika, samaki bado ameshikwa na shina. Hilo ni wazo la uhandisi lililokamilika, nami huwaambia wanafunzi wangu waanze kwa kulitazama hilo kabla ya kufungua kitabu chochote.

Kwenye pwani ya bahari ufito haukupata nafasi kubwa, na sababu inafundisha kitu. Mvuvi wa mshipi aliye katika ngalawa, iwe Unguja, Kilwa au Lamu, ameshafikishwa na chombo chake juu ya changu na chewa. Anateremsha mshipi moja kwa moja chini, na kidole chake cha shahada kinasikia samaki akidonoa. Ufito ungemwongezea uzito bila faida. Ufito ni zana ya mtu aliyetenganishwa na samaki: aliye ukingoni, aliye juu ya jiwe, aliye upande huu wa mto. Maldivi ni tofauti, kwani huko wavuvi wa jodari na sehewa wametumia fito ndani ya mashua kwa karne nyingi. Wao wanahitaji kasi: kundi la samaki likishapandwa wazimu na vidagaa vilivyomwagwa majini, mvuvi humnyanyua samaki mmoja mmoja na kumrusha nyuma sitahani, na ndoana isiyo na kishikio huachia yenyewe samaki akiwa bado hewani.

Ufito, basi, hurefusha mkono. Pia hurusha mshipi, na samaki akishanasa huzuia mshipi usikatike kwa kupinda badala yake. Kazi hizi hazipatani. Kinachonyanyua vizuri ni kigumu, na kinacholinda mshipi mwembamba ni laini. Namna ya kuzipatanisha ni mchongoko, yaani jinsi unene unavyopungua kutoka shinani hadi kwenye ncha. Hapa ndipo penye kiini cha ufundi wote, na ningependa msomaji akae hapa kidogo.

Kanuni mbili za mekanika zinatosha kuanzia. Ukichukua ufito usio na uwazi ndani na kuongeza unene wake mara mbili, ugumu wake huongezeka mara 16. Ukiongeza urefu mara mbili bila kubadili unene, ncha yake hushuka mara 8 zaidi kwa mzigo uleule. Namba hizo zinaeleza kwa nini seremala hodari, mtu aliyezoea kuridhika na nusu milimita, hushangaa anapounda ufito wa kwanza. Kwenye ncha, ambako unene ni milimita 3 hivi, kosa la sehemu ya kumi ya milimita hubadilisha ugumu wa mahali hapo kwa asilimia 14. Kosa hilohilo likifanyika shinani, ambako unene ni milimita 10, hubadilisha kwa asilimia 4 tu. Mkono unaochonga ncha unapaswa kuwa mtulivu kuliko unaochonga shina. Na mtu anayenunua ufito ananunua, zaidi ya kitu kingine chochote, uamuzi wa mwingine juu ya mchongoko: ameambiwa ufito wake upinde wapi, kwa samaki wa ukubwa gani, katika mkono wa nani.

Mwanzi ulipata heshima yake katika ufundi huu kwa sababu ya namna nyuzi zake zilivyopangwa. Pasua mwanzi utazame ukuta wake: karibu na ngozi nyuzi zimesongamana, na kadiri unavyoingia ndani zinapungua na nyama laini inaongezeka. Nguvu yote iko nje. Katikati ya karne ya 19 mafundi walianza kuutumia ukweli huo kwa namna mpya. Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa Easton, Pennsylvania, ambaye pia alitengeneza fidla, alichukua mwanzi akaupasua kuwa vipande virefu, akavichonga na kuvigandisha upya ngozi ikiwa nje. Namna iliyoshinda baadaye ni ya vipande 6, kila kimoja kikiwa na umbo la pembetatu yenye pande sawa, vikikutana kuwa ufito wenye pande sita. Nyama laini inaondolewa karibu yote na nyuzi kali zinauzunguka ufito pande zote.

Ukitaka kuona kazi hiyo kwa karibu, msogelee fundi anayepiga randa. Mbele yake kuna vyuma viwili vilivyolazwa sambamba, na kati yao mfereji wenye umbo la V ambao kina chake hurekebishwa kwa skrubu kila baada ya inchi 5. Ameulaza utepe wa mwanzi ndani ya mfereji, ngozi ikigusa chuma. Randa inapita juu yake na kutoa unyoya mwembamba unaojiviringa, kisha fundi anaugeuza utepe na kupiga upande wa pili. Ngozi haiguswi kamwe, maana kuipunguza ni kutupa nyuzi bora. Anapofika kwenye kifundo anapunguza mwendo, kwa sababu hapo nyuzi huyumba na randa inaweza kung'oa kipande. Vifundo vya tepe sita hupangwa visikutane mahali pamoja, ili udhaifu usambae. Kabla ya gundi, tepe hufungwa pamoja kwa uzi na kutiwa katika tanuri, joto likifukuza maji na kuukaza mwanzi.

Mwanzi wenyewe ulitoka mbali. Mafundi wa kwanza wa Marekani na Uingereza walitumia mwanzi wa India uliosafirishwa kupitia Calcutta. Karibu na mwanzo wa karne ya 20 nafasi yake ilichukuliwa na mwanzi wa kusini mwa China, wenye ukuta mnene na vifundo vidogo, ambao wafanyabiashara waliuita Tonkin. Huota katika vilima vya Guangdong na jirani yake, hukatwa ukiwa umekomaa, husuguliwa kwa mchanga na kukaushwa juani kabla ya kupelekwa bandarini. Mtaalamu wa mimea F. A. McClure, aliyefundisha Canton, aliupa jina la kisayansi mwaka 1931. Kwa hiyo hata fundi mwenye kiburi cha kufanya kila kitu kwa mkono wake aliutegemea mkulima wa China ambaye hakuwahi kumwona.

Jina kubwa lililofuata lile la Phillippe ni Hiram Leonard wa Bangor, Maine. Katika miaka ya 1870 aliunda mashine ya kukata tepe za pembetatu kwa usahihi uliozidi wa randa, na chumba cha mashine hiyo kilifungwa wasiohusika wasiingie. Wanafunzi wake, Edward Payne na Fred Thomas wakiwa miongoni mwao, walipojitenga walianzisha karakana zao na kutunza siri zao vilevile. Kwa upande wa Uingereza, kampuni ya Hardy ya Alnwick ilikua kwa ufito huohuo wa pande sita. Kipindi hiki ndicho kilichouhamisha mpaka kwa nguvu kuliko kingine chochote. Ufito ulikuwa mzuri kuliko ule wa 1496 kwa kila kipimo, lakini mvuvi hakujua tena jinsi ulivyofanyika, na hakuruhusiwa kujua. Siri ile iliwapa mafundi chakula, na sina neno juu ya mtu kulinda riziki yake, ila gharama ilikuwa kubwa: fundi alipokufa bila mrithi, mchongoko wake ulizikwa naye.

Aliyeufungua mlango ni mhandisi. Everett Garrison wa New York alijifunza mwanzo wa kazi hii kwa daktari George Parker Holden, ambaye mwaka 1920 alichapisha kitabu kwa ajili ya watu wanaojiundia fito. Garrison aliichukua hisabati ya madaraja na majengo akaitumia kwenye ufito. Aliamua kwanza mzigo ambao kila sehemu itabeba, uzito wa mshipi na wa ufito wenyewe ukiwa ndani yake, ndipo akakokotoa unene wa kila inchi 5 kutoka kwenye ncha hadi shinani. Mchongoko uliokuwa siri ya mkono ukawa jedwali la namba. Alifariki mwaka 1975, na mwaka 1977 maelezo yake yote, pamoja na michoro ya vifaa, yalitolewa kitabuni kwa juhudi za mwanafunzi wake Hoagy Carmichael. Tangu hapo mtu yeyote mwenye subira na randa kali anaweza kuunda ufito ambao miaka 100 kabla ungetoka katika karakana chache tu duniani. Kama nikiombwa nichague tukio moja tu la kuwafundisha wanaoanza, nitachagua hilo.

Wakati huohuo viwanda vilikuwa vimeshageukia malighafi nyingine. Mwaka 1950 Marekani ilisimamisha biashara na China, na mwanzi wa Tonkin ukakatika kwa karibu miaka 20. Lakini nyuzi za kioo, ambazo wengi wetu tunaziita faiba, zilikuwa zimeanza kutumika kabla ya hapo. Mtafiti Arthur Howald alizichanganya na gundi ya kemikali, na kampuni ya Shakespeare ya Michigan ikazitoa sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940. Fito hizo zilikuwa za bei nafuu, hazikuoza na hazikuliwa na dumuzi. Kaboni ilifuata. Nyuzi zake zilipata nguvu inayofaa katika maabara za Farnborough, Uingereza, miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Fenwick ikauza ufito wa kaboni kwa wavuvi wa kawaida. Kaboni ni nyepesi na ngumu mno kwa uzito wake. Ina tabia mbili ambazo muuzaji hazitaji sana: huvunjika ghafla ikishagongwa mahali, na hupitisha umeme, kwa hiyo si zana ya kuinuliwa chini ya nyaya za umeme au wakati wa radi.

Ufito wa kaboni hufanywa hivi. Kitambaa cha kaboni kilicholoweshwa gundi hukatwa kwa umbo la pembetatu ndefu na kuviringishwa juu ya chuma kilichochongoka. Juu yake hukazwa utepe wa plastiki, kisha vyote huokwa katika tanuri. Chuma huchomolewa, utepe hubanduliwa, na kinachobaki ni bomba jembamba, ufito mtupu usio na mpini wala pete za kupitishia mshipi. Chukua ufito wa kaboni ambao haukupigwa msasa uupitishe chini ya mwanga: utaona mistari midogo ya kuzunguka ambayo utepe ule uliiacha. Mchongoko umeamuliwa na kile chuma na mkato wa kile kitambaa. Mtu wa nyumbani hawezi kuvifikia.

Kwa sababu hiyo wengi wanaosema leo kwamba wanaunda fito zao hununua ufito mtupu, ndipo wanaanza kazi. Wapo wanaoidharau kazi hiyo wakisema si uundaji wa kweli. Siafikiani nao. Kilichobaki mkononi mwa mvuvi hapo ni kingi: urefu na unene wa mpini unaolingana na kiganja chake, mahali rili inapokaa ili ufito usimlemee mbele, idadi ya pete na nafasi zake. Koki ya kutengenezea mpini hutoka zaidi Ureno, kwenye gome la mti ambao huvuliwa kila baada ya miaka 9. Huuzwa kama visahani vyenye tundu, navyo hugandishwa pamoja na kupigwa msasa hadi umbo lipatikane. Mwanamke mwenye kiganja kidogo, au mzee mwenye vidole vilivyokakamaa, hapati mpini wake dukani. Anaupata hapa.

Pete zinastahili maneno zaidi. Mguu wa kila pete hupigwa tupa kwanza mpaka uwe mwembamba kama ulimi, la sivyo uzi utaruka ukingoni na kuacha mwanya. Uzi huanza kuzungushwa milimita chache kabla ya mguu, ukijikalia wenyewe juu ya mwanzo wake, kisha unapanda juu ya chuma, kila mzunguko ukisukumwa kwa ukucha uguse ule wa nyuma. Mizunguko michache kabla ya mwisho unaweka kitanzi cha uzi mwingine, unaendelea kuzungusha juu yake, unakata uzi, unaupitisha katika kitanzi na kukivuta. Mwisho unatoweka chini ya mizunguko bila fundo lolote. Juu yake hupakwa epoksi, sehemu mbili zilizopimwa sawasawa, na ufito hugeuzwa polepole hadi ikaze, ama sivyo itateremka na kutengeneza tone. Nafasi za pete hupatikana kwa kuukunja ufito ukiwa na mshipi ndani yake na kuangalia kama mshipi unafuata mkunjo. Unapokatisha kona, ongeza pete au zisogeze. Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu upande mgumu wa ufito, ambao hujionyesha wenyewe ukiukunja huku unauzungusha, kama pete zikae juu yake au kinyume chake. Kwa maoni yangu kunyooka kwa ufito kuna maana kubwa kuliko upande huo. Tazama kutoka shinani kama mtu anayelenga, na weka pete mahali ufito unapoonekana umenyooka.

Japani imeuweka mpaka pengine kabisa. Katika mji wa Hashimoto, mkoani Wakayama, mafundi huunda fito za kuvulia samaki wa mabwawa kwa mianzi mizima isiyopasuliwa, kila kipande cha ufito kikiwa cha mwanzi wa aina tofauti, na ncha peke yake ikitengenezwa kwa tepe zilizochongwa. Hakuna rili. Mshipi hufungwa kwenye ncha, kama ukingoni mwa ziwa letu. Mchongoko haukokotolewi kwa jedwali. Unatafutwa kwa kuchagua, miongoni mwa mianzi mingi iliyokaushwa kwa miaka, ile inayopokezana vizuri.

Kwetu Afrika Mashariki historia ya ufito wa kurushia ilianza upande wa duka. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza trauti katika mito ya Aberdare, Kenya, samaki hao wakitokea Uskoti, na fito zilizotumika zilikuja kwa meli kama walivyokuja samaki. Baadaye Wakenya wakawa mabingwa wa kufunga nzi bandia, vile vichambo vya manyoya na uzi, ambavyo karakana za Kenya huvifunga kwa maelfu na kuvisafirisha Ulaya na Marekani. Mikono inayoweza kukamilisha nzi mdogo kuliko punje ya mchele haishindwi kufunga pete kwenye ufito. Na malighafi ipo. Mwanzi wa milimani umefunika miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya kati ya mita 2,400 na 3,000 hivi. Mwanzi wa ulanzi umejaa Iringa na Njombe, na ukuta wake ni mnene. Kupima nyuzi za mianzi hii, vifundo vyake na namna inavyopokea joto la tanuri, ni utafiti ambao mwanafunzi wa hapa anaweza kuufanya kwa randa, mizani na rula, bila kusubiri maabara kubwa.

Sasa nijibu lile swali la haki. Kama sababu yako ni fedha, nunua. Ufito wa kiwandani wa bei ya wastani utakuwa mwepesi na imara kuliko wa kwanza utakaouunda, na ukijumlisha bei ya vifaa, epoksi na ufito mtupu ulioagizwa nje, hutaokoa chochote. Kama sababu yako ni kutaka ufito unaolingana na mwili wako na maji yako, anzia kwenye ufito mtupu. Ukitaka kuelewa mchongoko wenyewe, hakuna njia ya mkato, itabidi uchonge mwanzi. Lakini mlango ninaoupendekeza kwa karibu kila mtu ni wa nne: ukarabati. Fito nyingi hutupwa kwa sababu ya pete moja iliyong'oka au ncha iliyokatika sentimita tano. Kubandua pete ya zamani kwa kisu, kuupiga tupa mguu wa pete mpya na kuifunga ni kazi ya jioni moja, inahitaji uzi, epoksi kidogo na taa nzuri, na inafundisha nusu ya yale niliyoeleza hapo juu.

Sura zinazofuata zinaanza na mwanzi na zinaishia kwenye kaboni. Kabla ya kuifungua sura ya kwanza, fanya jaribio hili, kwa sababu tutalirejea kwenye kila ukurasa wake. Bana shina la ufito wowote ulio nao kwenye ukingo wa meza, ulale mlalo mbele ya ukuta uliobandikwa karatasi, na uchore mstari wake. Ning'iniza mfuko mdogo kwenye ncha, utie maji kidogo kidogo hadi ncha ishuke kiasi cha theluthi ya urefu wa ufito ulio nje ya meza. Chora mkunjo mpya. Pima mfuko kwenye mizani, andika gramu kando ya mchoro, na utie alama mahali ufito unapoanza kuuacha mstari wa kwanza. Fanya hivyohivyo kwa mwanzi uliokatwa na kukaushwa, wenye urefu uleule, kwenye karatasi nyingine. Njoo na michoro yote miwili.